Fundi wa Drafti, Asembo Bay

Anayetaka kujua uzito wa mchezaji wa drafti amtazame anapotoa kete. Kula ni kazi ya kanuni: kete ya mwenzako ikikaa mbele yako na nyuma yake pakiwa wazi, huna hiari, utaila upende usipende. Ufundi uko kwenye kutoa, maana anayetoa amekwisha kuona utakachokula, utakapotua ukishakula, na kitakachokupata hapo ulipotua. Hilo nimelijua mbele ya fundi mmoja wa boti wa Asembo Bay, mzee ambaye nimekuwa nikikaa naye kwenye benchi lake jioni nyingi tangu kazi iniletee huku kutoka pwani. Naandika haya kwa sababu sijaona drafti ikipewa heshima inayostahili. Bao limeandikwa na kusifiwa, na wachezaji wake wakubwa wana majina. Drafti inachezwa karibu kila kijiwe cha nchi hizi zetu, na mpita njia huiona ni shughuli ya watu waliokosa la kufanya.

Asembo Bay iko Rarieda, kaunti ya Siaya, ukingo wa kaskazini wa Ghuba ya Winam. Riziki ya hapa ni samaki: ngege, mbuta, na omena, ambaye huanikwa juu ya nyavu kuukuu mpaka mchanga wote ung'ae, kisha akapimwa kwa gorogoro. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huingia ziwani na taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za sola. Samaki huufuata mwanga, wavu ukawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, kwa kuwa ziwa lote lina mwanga, na boti nyingi hubaki nchi kavu. Tena kuna miezi ya kufungwa, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, ambapo uvuvi wa omena huzuiwa ili samaki wazaane. Ongeza siku ambazo gugu maji limejaa mbele ya ufuko na boti haipenyi. Wanaume unaowaona wameuzunguka ubao wakati wa mbalamwezi ndio wale wale waliokesha majini juma lililopita, na nusu yao wana nyavu mapajani wanazishona huku wakitazama. Anayewaita wavivu hajui jinsi mwezi unavyowapangia watu kazi.

Ubao wenyewe ni kipande kilichobaki kwenye boti fulani, kikapigwa randa pande zote mbili. Mistari yake imechongwa kwa ncha ya patasi, haikuchorwa kwa kalamu, kwa hiyo haifutiki kwa jasho wala kwa mvua. Miraba ni 64, nane kwa nane, na ile 32 inayotumika imepakwa rangi ya buluu iliyobaki baada ya boti kuandikwa jina. Kete ni vifuniko vya chupa. Mchezaji mmoja hulaza vyake chali, meno yakitazama juu, na mwingine hulaza vyake kifudifudi. Hakuna haja ya rangi mbili, na hata jua likizama kidole kinatambua kilicho chako. Kila mmoja ana kete 12. Kete inayofika mstari wa mwisho wa mwenzake hupandishwa kifuniko kingine mgongoni, ikawa kingi.

Mchezo unaochezwa kwenye benchi hili si ule ulioelezwa kwenye karatasi ya maelekezo inayokuja ndani ya boksi la dukani. Katika drafti ya Kiingereza kingi husogea hatua moja tu, mbele au nyuma. Hapa kingi anaruka. Anateleza mstari mzima wa mshazari bila kuhesabiwa hatua, na akimwona adui mbali ambaye nyuma yake pana nafasi, humla na kutua popote palipo wazi upande wa pili. Warusi nao wana kingi wa namna hii, ila wao huruhusu hata kete ya kawaida kula kinyumenyume. Kwenye benchi la mzee kete ya kawaida inakula mbele tu. Ni mchezo wenye kete za Kiingereza na kingi wa Kirusi, na mchanganyiko huo hubadilisha kila kitu. Kete haziwezi kurudi kurekebisha lililoharibika, na kingi mmoja akizaliwa anatawala ubao kutoka kona hadi kona. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya mchezo ni mwendo wa tahadhari, mistari miwili ikisogeleana bila kuguswa, na nusu ya pili inaweza kuisha kabla hujakohoa.

Kwa sababu kanuni hutofautiana mahali na mahali, hakuna anayesogeza kete na mgeni kabla ya kukubaliana. Kula ni lazima? Ndiyo. Zikiwepo njia mbili za kula, uchague unayotaka? Ndiyo, hulazimiki kufuata yenye kete nyingi. Kete ikiguswa imechezwa? Ndiyo, na hapo mzee hana msamaha hata kwa mjukuu wake. Anayetazama anaruhusiwa kucheka, kuguna na kushika kichwa. Kunyoosha kidole ubaoni haruhusiwi.

Mzee huyu ni fundi wa boti za mbao. Mchana utamkuta ameinama ubavuni mwa boti iliyopinduliwa, anakalafati: anasokota pamba kati ya vidole, anaiingiza kwenye ufa kati ya ubao na ubao, anaigonga kwa patasi butu na nyundo ndogo, mapigo mafupi ya kiasi kimoja, anasogea upana wa kiganja, anagonga tena. Hafanyi haraka na hasimami. Pamba ikilegea maji yataingia. Ikigongwa mno ubao utapanuka na kuusukuma wa jirani. Nimeutazama mkono huo ukigonga pamba na nimeutazama ukisogeza kete, na mwendo wake ni ule ule. Hainui kifuniko. Anakiwekea ncha ya kidole cha shahada katikati, anakisukuma mpaka mraba wa mbele, kisha anaacha kidole pale kwa muda mfupi, bila shaka akiitazama nafasi mpya kwa mara ya mwisho kabla haijawa ya watu wote. Akiondoa kidole, ameondoa. Sijamwona akijuta.

Nilipomwomba anifundishe hakunipangia kete 12. Alifagia ubao kwa kiganja, akaacha mbili tu, yangu na yake, zikitazamana katika safu moja, na kati yao mraba mmoja usiotumika.

“Wuoda, cheza,” akasema, yaani mwanangu, cheza.

Nilikuwa na njia mbili, kushoto na kulia. Nikitoka kushoto, kete yake inanila. Nikitoka kulia, inanila. Akazirudisha zilivyokuwa, akaniambia sasa ni zamu yake, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa mfu. Kete ni zile zile, miraba ni ile ile, kilichobadilika ni nani analazimika kusogea. Katika maisha ya kawaida zamu ni nafasi. Katika drafti zamu inaweza kuwa hukumu, maana hakuna ruhusa ya kukaa kimya. Kisha akasogeza kete yangu mraba mmoja nyuma, akaniuliza nani anakufa sasa. Akaongeza kete moja pembeni kwa kila upande, akauliza tena. Akaongeza nyingine. Somo lote la jioni hiyo lilikuwa kuhesabu: kabla ya kubadilishana kete, jua nani atabaki na zamu mbaya baada ya vumbi kutua. Wachezaji wa kawaida huhesabu kete zilizobaki. Yeye huhesabu hatua zilizobaki, zake na zangu, na mara nyingi huridhika kuwa nyuma kwa kete moja ilimradi hatua za bure zimeniishia mimi kwanza.

Baadaye nilikuja kufurahi kugundua kwamba njia hiyo ya kuanzia mwisho ndiyo iliyotumiwa na watu waliofumbua drafti ya Kiingereza kwa kompyuta. Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walianza mwaka 1989 kuunda programu waliyoiita Chinook. Walijenga hazina ya nafasi za mwisho, kwanza zenye kete chache kabisa, kisha wakapanda hadi kete 10. Nafasi kama trilioni 39, kila moja ikijulikana ni ya kushinda, kushindwa au sare. Kutoka huko chini wakapanda kukutana na hatua za mwanzo. Mwaka 2007 walitangaza jibu: wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Mchezo huo una nafasi zinazowezekana zinazokaribia 5 ikifuatwa na sifuri 20, na walihitaji takriban miaka 18 kuufikisha hapo.

Lakini kabla ya jibu hilo palikuwa na mtu. Marion Tinsley, mwalimu wa hisabati Mmarekani, kuanzia 1950 hadi alipofariki 1995 alipoteza michezo saba tu dhidi ya wapinzani wa kila aina, na miwili kati ya hiyo ilichukuliwa na Chinook mwaka 1992 huko London, katika mashindano ambayo hata hivyo Tinsley aliyashinda. Miwili mwaka mzima ingekuwa sifa. Saba kwa miaka 45 ni jambo ambalo mtu hulisoma mara mbili. Nilimweleza mzee habari hizo. Aliuliza swali moja tu: kingi wao anaruka? Nikamwambia hapana, anatembea hatua moja. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye ubao. Nadhani alikuwa na haki ya kutoshtuka, kwa kuwa uliofumbuliwa ni mchezo wa jirani. Wa kwake una kingi wa aina nyingine.

Sasa nieleze pigo moja kwa ukaribu, maana sifa za jumla hazimwonyeshi mtu. Tulikuwa katikati ya mchezo. Mimi nilikuwa na kete mbili zimesonga mbele hadi karibu na kitovu cha ubao, zimekaa mstari mmoja, kati yao mraba mmoja usiotumika. Niliziona ni ngome. Nyuma yao upande wangu, karibu na nyumbani, nilikuwa na nyingine moja ikilinda. Mzee alikuwa na kete tatu zinazozielekea hizo zangu: mbili za mbele zikiwa mstari mmoja, na ya tatu nyuma yao, hatua moja ya mshazari kutoka ile ya kushoto kwake. Akaiwekea kidole ile ya kushoto, akaisukuma mbele hadi mraba unaogusana na kete zangu zote mbili, mdomoni kabisa. Waliosimama wakaguna.

Kete yangu moja ilitaka kuila lakini haikuweza, kwa kuwa mahali pa kutua palikuwa na kete yake ya pili, ile ambayo hakuigusa. Nyingine iliweza, kwa hiyo ililazimika. Ikala, ikatua pale pale ilipotoka kete aliyonipa. Tundu hilo alikuwa ameliacha yeye mwenyewe kwa kusogea. Na kete yake ya nyuma ilikuwa imelitazama muda wote. Ikanila hapo, ikatua katikati ya ubao. Kutoka katikati ikaila ile kete yangu iliyokosa pa kutua, ikafika karibu na ukingo. Kutoka hapo ikaila ya tatu, ile iliyokuwa ikilinda, ikaingia mstari wa mwisho. Alitoa moja, akachukua tatu, na kijana mmoja alikuwa tayari ameshika kifuniko cha kumpandisha kingi.

Kinachonishangaza katika pigo hilo mpaka leo ni kwamba kila kete ya mzee ilifanya kazi, hata ile isiyosogea. Moja ilikufa. Moja ilikaa tu, na kwa kukaa kwake ikaniondolea uchaguzi. Moja ilingoja. Nami nilifanya hatua moja katikati ya mpango wake, hatua ambayo alikuwa amenichagulia kabla. Nilimuuliza aliiona lini. Akarudisha kete nyuma kwa kumbukumbu, hatua moja moja, zake na zangu, hadi mahali ambapo kete yangu ya ulinzi ilikuwa bado haijatoka mstari wa mwisho. Akaigonga kwa ukucha. Ilipotoka hapa, akasema, mlango wa nyuma ukabaki wazi. Hayo mengine yalikuwa ya kungoja. Nikahesabu hatua zilizopita kati ya mlango kufunguka na kete kutolewa, zilikuwa nyingi, na katika muda huo wote hakuwa ameonyesha kwa uso wala kwa mkono kwamba ana haraka.

Mtu wa pwani hawezi kujifunza mchezo wowote wa ubao bila kukumbuka bao. Nimekulia kwenye sauti za kete za bao, na Wajaluo wenyewe wana ajua, mchezo wa mashimo na mbegu ambao ni ndugu wa bao. Ukihesabu, bao la Kiswahili lina mashimo 32, na drafti ina miraba 32 inayotumika. Hapo ndipo undugu unapoishia. Katika bao kete uliyokula unaipanda upande wako, inazunguka, inakufanyia kazi, kesho yake mwenzako anaila tena. Kete zote 64 zinabaki ndani ya mchezo hadi mwisho, zikihama mikono. Katika drafti iliyoliwa imeondoka. Inawekwa kwenye mchanga kando ya benchi, na hairudi isipokuwa mgongoni mwa kingi. Kwa sababu hiyo kutoa kete katika drafti kuna gharama ya kweli, na ndiyo maana kutoa vizuri kunanigusa zaidi kuliko mtaji mrefu wa bao unaozunguka ubao mara tatu, ingawa najua wazee wa kwetu hawatapenda niseme hivyo.

Hapa ufukweni si wanaume peke yao wanaojua. Kuna mama mmoja muuza omena ambaye hupita jioni baada ya kufunga magunia yake, anakaa mwisho wa benchi, anavua kitambaa cha kichwa, anaomba mchezo mmoja. Anacheza haraka kuliko mzee, na vijana wengi humkwepa kwa kisingizio cha nyavu. Mzee humpangia kete yeye mwenyewe, heshima asiyompa mtu mwingine, na wakikaa wawili hao hakuna anayeshona. Kwa kawaida hutoka sare. Mchezo wao unaonekana mkavu kwa asiyejua, maana hakuna pigo kubwa, kila mmoja anaziba tundu kabla mwenzake hajalifikia. Mimi sasa naweza kuona mapigo mawili au matatu yaliyozuiwa kabla ya kuzaliwa, na nafikiri hiyo ndiyo raha ya juu zaidi ya kutazama drafti: kuona lililotaka kutokea.

Afrika imewahi kutoa mtu wa kiwango hicho mbele ya dunia nzima. Baba Sy wa Senegal, aliyezaliwa 1935, alikulia kwenye mchezo wa mtaani kabla ya kwenda Ulaya kuwashangaza mabingwa wa drafti ya kimataifa, ile ya miraba 100 na kete 20 kila upande, ambayo kingi wake pia anaruka. Mwaka 1963 alitakiwa kuchuana na Iser Kuperman wa Muungano wa Kisovieti kwa taji la dunia, na mechi haikuchezwa. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1978. Mwaka 1986, miaka minane baada ya mazishi yake, shirikisho la dunia lilimtambua kuwa bingwa wa 1963. Namtaja kwa sababu sitaki mtu anayesoma kuhusu benchi la Asembo adhani ufundi huu ni wa kijiweni na unaishia kijiweni. Anayecheza kwa vifuniko vya chupa na anayecheza kwenye ukumbi wa Amsterdam wanahesabu zamu kwa namna moja. Tofauti ni kwamba wa ukumbini kuna mtu anaandika hatua zake. Za mzee zinabaki kwenye vichwa vya waliokuwepo, na mara kadhaa nimesikia mabishano makali kati ya watu wazima kuhusu mchezo uliochezwa miaka mingi iliyopita, kila mmoja akipanga kete upya kuthibitisha.

Nimeanza kuandika. Mzee alikubali kwa sharti kwamba niandike na alizopoteza. Nimeipa miraba namba, 1 hadi 32, na kila jioni najaza ukurasa. Ukizisoma hatua zake kwenye karatasi unagundua kitu usichokiona ufukweni: mstari wake wa nyuma hausogei. Kete mbili za nyumbani, zile zinazofunga njia za kingi, hubaki mahali pake mpaka mchezo unakaribia kuisha. Zilizobaki zinahama, zinatolewa, zinabadilishana, na hizo mbili zimekaa. Nilipomwonyesha alionekana kufurahi kwamba karatasi nayo imeona.

Siku hizi tuko kwenye kingi watatu dhidi ya mmoja. Kwa mchezaji wa drafti ya Kiingereza hilo si somo. Watatu wanamfukuza mmoja hadi kona. Kwa kingi anayeruka ni habari tofauti kabisa. Mmoja akiukamata mstari mrefu, ule unaotoka kona ya kushoto yako hadi kona ya kushoto ya mwenzako, watatu hawampati. Atateleza juu na chini mpaka usiku. Kwa hiyo vita vinakuwa juu ya mstari huo, nani aliufika kwanza, na mzee huanza kuupigania wakati bado kuna kete kumi ubaoni. Lakini mmoja akiwa nje ya mstari mrefu, watatu wanaweza kumnasa. Mrusi Alexander Petrov, aliyejulikana zaidi kwa sataranji, alichapisha kitabu cha drafti mwaka 1827, na jina lake limebaki kwenye mpango wa kuwapanga kingi watatu kwa umbo la pembetatu ili kumnasa mmoja ndani ya hatua 15. Mzee hajawahi kumsikia Petrov. Pembetatu anaijua. Aliipata kwa mtu aliyekuwa akisafiri na meli za ziwani, na huyo aliipata kwa mwingine, na mimi sina njia ya kufuata uzi huo zaidi ya hapo.

Ananipa kingi mmoja, yeye anachukua watatu. Mmoja wake anakamata mstari mrefu. Wawili wanapita kwa zamu kwenye mistari ya pembeni, wakinipunguzia miraba, kila hatua ikiniacha na mahali pachache salama. Kisha umbo linakamilika, nami nabaki na zamu, na zamu ile mbaya aliyonifundisha jioni ya kwanza inarudi ikiwa na kingi badala ya kete. Ninasogea kwa kuwa lazima nisogee. Hapo anatoa kingi mzima, kingi aliyemhangaikia mchezo wote, anamweka mbele yangu nimle. Ninamla, natua, na wa tatu ananichukua. Tumelirudia pigo hilo mpaka naweza kulifanya mimi mwenyewe kutoka kona tatu. Kona ya nne bado inanitoroka. Jaduong', kama mzee anavyoitwa hapa, anasema nikiipata hiyo atarudisha ubaoni kete zote 24 na kuanza kunifundisha hatua ya kwanza.